Baridi Haikuiua Pampu ya Joto: Historia ya Mashine Iliyotangulia Mafundi Wake

Majira yangu ya kwanza ya baridi huku Umeå, kaskazini mwa Sweden, nusura niite zimamoto. Ilikuwa alfajiri moja ya Novemba, nje kuna unyevunyevu na kipimajoto kinacheza karibu na sifuri. Nikachungulia dirishani, nikaona lile boksi la feni lililofungwa nje ya ukuta linafuka moshi mweupe. Feni imesimama. Ndani ya boksi kuna sauti ya kufoka, kama tairi linalotolewa upepo. Mama mwenye nyumba alikuwa safarini. Mtu wa kwanza niliyemfikiria ni mjomba wangu wa Dar, fundi friji wa siku nyingi. Nikampigia video.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Kuna nini asubuhi yote hii?"

Nikamgeuzia kamera. Akaangalia kama dakika moja hivi, kisha akacheka.

"Huo si moshi, ni mvuke. Barafu inayeyuka. Hiyo ni friji tu, wameigeuza. Iache, feni itarudi yenyewe."

Na kweli, baada ya dakika chache feni ikarudi. Sasa fikiria: mjomba hajawahi kuona theluji maishani mwake, wala hajawahi kugusa pampu ya joto. Aliielewa kwa sababu amefungua friji na AC miaka na miaka. Jambo hilo lilinikaa kichwani, nikaanza kusoma historia ya mashine hii. Nilichokikuta ndicho ninachotaka kukisimulia leo.

Kwa kifupi ni hivi. Wazo la pampu ya joto limeandikwa tangu 1852. Mashine zenyewe zinapasha majengo ya nchi za baridi tangu miaka ya 1930. Lakini angalau mara mbili, Marekani miaka ya 1960 na Sweden miaka ya 1980, watu walizikimbia wakisema haziwezi baridi. Ukichunguza unakuta baridi peke yake haikuwa mkosaji. Mashine zilifika majumbani kabla ya kufika watu wanaojua kuzifunga, kuzitunza na kuzitengeneza.

Joto linatoka wapi kwenye baridi?

"Ngoja kwanza," utaniuliza, "kama hewa ya nje ni nyuzi 15 chini ya sifuri, hilo joto linalovutwa ndani linatoka wapi?" Swali zuri, na ndilo linalowafanya wengi wasiiamini mashine hii hadi leo.

Neno "baridi" ni la ngozi yetu zaidi kuliko la fizikia. Kiwango cha chini kabisa cha baridi ni kama nyuzi 273 za Selsiasi chini ya sifuri. Ukianza kuhesabu kutoka huko, hewa ya nyuzi 15 chini ya sifuri iko nyuzi 258 juu. Joto limo, tena tele. Tatizo ni kwamba joto likiachwa lenyewe huenda kutoka penye joto zaidi kwenda penye joto dogo, kama maji yanavyoshuka mlima. Ukitaka lipande unahitaji pampu. Ndiyo maana ya jina lenyewe.

Pampu hiyo inafanyaje kazi? Hebu kumbuka mtungi wa gesi ya kupikia. Ukipikia kwa moto mkubwa muda mrefu, mtungi unaloa jasho kwa nje, na wakati mwingine unashika ukungu mweupe wa barafu. Sababu ni kwamba ndani ya mtungi kuna kimiminika kinachochemka. Kila kinachochemka kinahitaji joto, na hicho kinalichukua kwenye chuma cha mtungi na hewa inayouzunguka. Propani, ambayo ni mojawapo ya gesi za kupikia, huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwa propani, basi, hewa ya nyuzi 15 chini ya sifuri ni jiko lililowashwa.

Pampu ya joto hutumia ujanja huohuo, ila kimiminika chake kinazunguka bila kutoka nje. Kwenye koili ya nje kinachemka na kuwa gesi, kikinyonya joto la hewa. Kompresa inaibana gesi hiyo mpaka inakuwa ya moto kuliko chumba. Kwenye koili ya ndani gesi inatoa joto lake na kurudi kuwa kimiminika. Kisha inapita kwenye vali nyembamba, shinikizo linashuka, na safari inaanza upya. Umeme kazi yake kubwa ni kuendesha kompresa. Kwa hiyo yuniti moja ya umeme, ileile unayonunua kwa LUKU, inaweza kuingiza ndani yuniti tatu hivi za joto siku ya baridi ya kawaida. Baridi ikiwa kali faida hiyo inapungua, labda zikabaki mbili au chini yake kidogo. Hita ya kawaida ya waya inatoa moja kwa moja, basi.

Kutoka kiwanda cha chumvi hadi ukumbi wa Zurich

Wa kwanza kuonyesha hadharani kwamba kimiminika kinachochemka kinaweza kutengeneza baridi alikuwa William Cullen, daktari wa Scotland, katikati ya karne ya 18. Alitumia etha. Mwaka 1834 Jacob Perkins, Mmarekani aliyekuwa akiishi London, alipata hataza ya mashine ya baridi yenye kompresa, bibi mzaa bibi wa friji zetu. Hapo lengo lilikuwa baridi tu. Joto lililotoka upande wa pili lilionekana taka.

Mwaka 1852 William Thomson, ambaye baadaye tulimjua kama Lord Kelvin, akageuza swali. Aliandika kwamba mashine ya kuhamisha joto inaweza kupooza majengo au kuyapasha, na kwamba kuitumia kupasha kungeokoa makaa mengi kuliko kuyachoma moja kwa moja. Hakuijenga. Miaka michache baadaye, mwaka 1857, Peter von Rittinger huko Austria alifunga mashine kwenye kiwanda cha chumvi cha Ebensee. Ilichukua mvuke wa maji ya chumvi yaliyochemshwa, ikaubana ukapata moto zaidi, kisha mvuke huohuo ukatumika kuchemsha maji mengine. Watafiti wengi wanaihesabu kuwa pampu ya joto ya kwanza iliyofanya kazi, ingawa haikupasha chumba cha mtu.

Mfano mzuri wa jengo unatoka Zurich, Uswisi. Mwaka 1938 ukumbi wa jiji, jengo la karne ya 17 lililokaa kando kabisa ya mto Limmat, ulifungiwa pampu ya joto iliyotengenezwa na kampuni ya Escher Wyss. Ilivuta joto kutoka maji ya mto na kuchukua nafasi ya majiko ya kuni. Uswisi haikuwa na makaa ya maana ya kwake, na vita ilipoanza mwaka mmoja baadaye, umeme wa maporomoko ya maji pamoja na pampu ya joto vilikuwa mchanganyiko wa maana sana. Mashine ile ilihudumu hadi 2001. Miaka 63! Si mchezo.

Norwich, Uingereza, kuna kisa kingine. Mwaka 1945 John Sumner, mhandisi wa idara ya umeme ya jiji hilo, aliunganisha pampu ya joto kwa vipuri vya mitumba na vingine vya kujitengenezea, kwa sababu vita ilikuwa imemaliza vifaa. Alivuta joto kutoka mto Wensum. Alipopima matokeo, kila yuniti ya umeme ilileta wastani wa karibu yuniti tatu na nusu za joto. Kwa mitumba!

Zurich na Norwich zinafanana kwa mambo mawili, na naomba uyashike kwa sababu tutayahitaji. La kwanza, chanzo cha joto kilikuwa maji ya mto. Hayo hayashuki chini ya sifuri, na koili iliyomo haipati barafu kama ile inayokaa hewani. La pili, kila mashine ilikuwa na wenyewe: wahandisi waliojua kila vali iko wapi, na waliokuwa wakipita kuisikiliza.

Marekani: mashine mlangoni, fundi hayupo

Mwaka 1952 kampuni kubwa za Marekani zilianza kuuza pampu za joto za majumbani. Hizi zilitoka kiwandani zikiwa kamili na zilitumia hewa ya nje. Mauzo yakapanda. Watu walipenda wazo la mashine moja inayopoza nyumba wakati wa joto na kuipasha wakati wa baridi.

Halafu kompresa zikaanza kufa.

Kompresa nyingi za wakati ule zilikuwa zimesanifiwa kwa ajili ya AC. Sasa AC inafanya kazi miezi michache ya joto, halafu inapumzika. Pampu ya joto haipumziki. Wakati wa baridi kali gesi inayorudi kwenye kompresa ni nyembamba, haiipoozi mota vizuri na haibebi oili ya kutosha kuirudisha. Mashine ikisimama usiku, gesi huhamia sehemu iliyo baridi zaidi, ambayo mara nyingi ndiyo kompresa yenyewe, na kuyeyukia kwenye oili. Ukiwasha asubuhi, oili inatoa povu na kukimbia, vyuma vinasagana vikavu.

Baya zaidi ni kimiminika kuingia kwenye kompresa. Gesi inabanwa, kimiminika hakibanwi. Kompresa ya pistoni ikimeza kimiminika, vali zake zinavunjika kama mtu aliyetafuna jiwe kwenye wali.

Kimiminika hicho kilipata mwanya hasa wakati wa difrosti, yaani kuyeyusha barafu. Koili ya nje lazima iwe baridi kuliko hewa ili inyonye joto. Hewa ikiwa na unyevu, unyevu huo unaganda juu yake mpaka upepo haupiti. Kwa hiyo kila baada ya muda vali maalumu inageuza mzunguko, koili ya nje inapata joto kwa dakika chache, na barafu inadondoka. Ndiyo "moshi" wangu wa Umeå. Kila mgeuzo huo, kimiminika kilichokuwa upande mmoja kinajikuta kimeelekezwa upande wa kompresa.

Nani alikuwa anazitengeneza? Mafundi waliokulia kwenye majiko ya mafuta, au waliozoea AC. AC inaweza kuvumilia gesi ikizidi au ikipungua kidogo. Pampu ya joto haina uvumilivu huo, hasa baridi ikikaza. Kompresa ikifa wanaweka mpya, bila kuuliza ile ya kwanza imekufa kwa nini, na mpya nayo inafuata njia ileile. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 mauzo yalikuwa yameshuka, na hata jeshi la Marekani lilizuia kwa muda mashine hizi zisifungwe kwenye makazi yake.

Kilichoiokoa hakikuwa uvumbuzi mkubwa wa kifizikia. Kilikuwa vitu vya karakana: kitangi kidogo mbele ya kompresa cha kunasa kimiminika kisiingie; hita ndogo ya kuipasha oili mashine ikiwa imelala; kidhibiti cha difrosti kinachojua wakati wa kuanza na wa kuacha. Pamoja na hayo, viwanda vikaanza kuwafundisha wafungaji na kuwadai wafuate vipimo. Bei ya mafuta ilipopaa mwaka 1973, soko lilirudi na kukuta mashine imetulia zaidi.

Sweden: nchi moja, matokeo mawili

Mwaka huohuo wa 1973 uliishtua Sweden, ambako nyumba nyingi zilipashwa kwa mafuta ya kuagiza. Serikali ikahimiza njia nyingine, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 pampu za joto zikawa biashara moto. Kampuni nyingi ndogo ziliingia sokoni haraka. Nyingine zilikuwa nzuri. Nyingine zilifunga mashine ndogo kuliko nyumba, zikaunganisha mabomba ovyo, zikaondoka.

Mwaka 1986 bei ya mafuta ikaanguka, ruzuku nazo zikapungua, na soko likaporomoka. Tuseme ukweli, pigo la bei lilikuwa kubwa na lingeumiza biashara yoyote. Lakini kilichobaki vichwani mwa watu ni maumivu ya aina nyingine. Kampuni iliyokufungia mashine imefilisika, dhamana imekuwa karatasi tu, vipuri hakuna, na mashine imezima katikati ya Januari. Hapo jirani akikuuliza kama anunue, utamjibu nini?

Sasa linganisha na Stockholm. Katikati ya miaka hiyohiyo ya 1980, eneo la Ropsten, jiji lilijengewa pampu kubwa za joto zinazovuta joto kutoka maji ya bahari, zenye uwezo wa jumla wa takriban megawati 180, kwa ajili ya mtandao wa mabomba yanayopasha majengo ya jiji. Hizo hazikutelekezwa. Nchi ileile, muongo uleule, baridi ileile. Najua mtambo wa jiji na kiboksi cha nyumbani si sawa kibiashara. Ila tofauti moja inaonekana wazi: Ropsten kuna watu wa zamu, kuna bajeti ya vipuri, na mashine inasikilizwa kila siku. Ni hadithi ya Zurich tena.

Waswidi walijifunza. Miaka ya 1990 taasisi ya serikali iliyoitwa NUTEK iliandaa shindano la ununuzi: watengenezaji walete pampu ya joto iliyo bora na ya bei nafuu zaidi, na kundi la wanunuzi limehakikishiwa. Mashine zilipimwa na maabara huru badala ya kuaminiwa kwa tangazo. Mafunzo ya wafungaji na wachimbaji wa visima yakatiliwa mkazo. Imani ilirudi polepole. Leo Norway, Sweden na Finland, nchi zenye baridi kuliko karibu zote za Ulaya, ndizo zenye pampu nyingi za joto kwa kila nyumba 100. Norway ni zaidi ya nusu ya nyumba. Kwa hiyo mtu akikwambia mashine hii haiwezi baridi, muulize wenye baridi wenyewe wanatumia nini.

Mashine nayo ilikua

Si haki kuwasifu mafundi tu. Mashine zenyewe zimebadilika sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Toshiba ya Japani ilileta AC zenye inveta, unazijua hata madukani Kariakoo. Badala ya kompresa kuwaka na kuzima kwa kishindo, inaongeza na kupunguza mwendo kulingana na haja. Kuna pia kompresa ya skroli, yenye vyuma viwili vya umbo la konokono vinavyosukuma gesi kuelekea katikati. Mfaransa Léon Creux aliipatia hataza mwaka 1905, lakini haikuingia kwenye mashine za majumbani Marekani hadi 1987, kwa sababu ilihitaji uchongaji wa usahihi ambao karakana za zamani hazikuuweza. Inastahimili kimiminika vizuri kuliko pistoni. Ongeza vali za upanuzi zinazoendeshwa kwa kompyuta, na leo kuna mashine zinazofanya kazi hata nyuzi 25 chini ya sifuri.

Lakini tazama gharama yake. Mashine ya 1955 ilikuwa na swichi na waya. Ya leo ina bodi za kielektroniki na vihisi kila kona. Uwezo wa kustahimili baridi umepanda, na elimu anayohitaji fundi imepanda pamoja nao.

Gesi: kutoka Freon hadi Kigali

Kuna sura nyingine ya historia hii, na inagusa Afrika Mashariki moja kwa moja.

Friji za mwanzo zilitumia gesi hatari kama amonia na dioksidi ya salfa. Zikivuja ndani ya nyumba ziliweza kuua. Mwaka 1928 Thomas Midgley na wenzake Marekani walipata gesi mpya isiyowaka na isiyo na sumu ya haraka, ikauzwa kwa jina la Freon. Mwaka 1930 Midgley aliivuta kifuani mbele ya wanakemia wenzake kisha akaipulizia mshumaa, ukazimika. Gesi ya familia hii, R12, ndiyo iliyotumika kwenye pampu ya Zurich.

Kwa sababu ilionekana salama, watu wakaizoea. Fundi akitaka kufungua mashine anaifungulia gesi hewani. Ikivuja, unaongeza nyingine. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kwamba gesi hizi zinaharibu ozoni, tabaka linalotukinga na miale mikali ya jua. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ukaanza kuziondoa. Zilizokuja baadaye, kama R410A, haziharibu ozoni, lakini zinapasha dunia vibaya. Kilo moja ya R410A ikitoka hewani inapasha, kwa hesabu ya miaka 100, sawa na zaidi ya kilo 2,000 za kaboni dioksidi.

Oktoba 2016, baada ya majadiliano ya usiku kucha, nchi 197 zilikubaliana mjini Kigali, Rwanda, kupunguza gesi hizo. Nyongeza ya Kigali ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Ndiyo maana mashine mpya huku Ulaya zinahamia kwenye R290, ambayo si kitu kingine bali propani safi. Ndiyo, ndugu wa ile ya mtungi wa jikoni. Inapasha dunia kidogo mno, lakini inawaka. (Tafadhali usijaze gesi ya jikoni kwenye AC yako! Mashine ya R290 imesanifiwa kwa propani safi na kwa kiasi kidogo kilichopimwa.)

Hapo unaona fundi amebeba mzigo wa aina mpya. Marekani, tangu Novemba 1994, anayefungua mashine za gesi hizi lazima awe na cheti. Umoja wa Ulaya nao uliweka sheria ya vyeti kwa kanuni ya mwaka 2006. Mashine iliyonunuliwa kuokoa mazingira inaweza kuyaumiza ikiangukia mikono isiyojali.

Historia hii inakusaidia nini ukiwa na pampu nyumbani?

Wasomaji wetu wengi mko vyuoni Ulaya na Marekani ya Kaskazini, na huenda una kiboksi kama changu nje ya dirisha. Kila ushauri hapa chini una mizizi kwenye yale tuliyoyasoma.

Mvuke wakati wa difrosti ni kawaida, tena hutokea sana siku za unyevu karibu na sifuri kuliko siku za baridi kavu. Barafu nene isiyoondoka baada ya saa kadhaa si kawaida. Ita fundi. Usiipasue kwa kisu wala bisibisi, utatoboa koili. Maji ya difrosti lazima yapate pa kwenda, na boksi liinuliwe juu ya theluji.

Filta za ndani zisafishe kila baada ya wiki kadhaa. Hewa isipopita, joto halitoki, na kompresa inahangaika bure. Majani na theluji mbele ya boksi la nje, viondoe.

Usizime umeme wa mashine kabisa wakati wa baridi kwa nia ya kubana matumizi. Ile hita ndogo inayopasha oili inahitaji umeme. Kama umeme ulikatika muda mrefu, soma kitabu cha mashine kinasema usubiri saa ngapi kabla ya kuwasha.

Na hili ni la muhimu kuliko yote: gesi ya mashine haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa. Fundi akisema "gesi imepungua, nakuongezea," swali lako ni moja: imetokea wapi? Akijaza bila kutafuta tundu, umelipia kuchafua hewa, na baada ya miezi utamwita tena. Swali hilo linafanya kazi Umeå, na linafanya kazi Mikocheni. Kufungua mfumo wenyewe usijaribu, mwachie mwenye cheti.

Mwisho

Nchi nyingi za baridi sasa zinataka kuachana na mafuta na gesi ya kupashia nyumba, na malengo yanahesabiwa kwa idadi ya mashine. Historia inasema tuhesabu na mafundi pia. Kijana anayejifunza majokofu na viyoyozi VETA leo anajifunza mzunguko uleule wa Perkins. Kinachomtenganisha na pampu ya joto ni ile vali ya kugeuza, bodi kadhaa, na mafunzo.

Mama mwenye nyumba aliporudi nilimsimulia kisa changu, akacheka sana. Kisha akanionyesha daftari dogo lililoning'inia kando ya swichi. Tangu mashine ifungwe, kila fundi aliyekuja ameandika humo tarehe, shinikizo alilopima, alichosafisha na alichobadilisha. Nikapiga picha ya ukurasa mmoja nikamtumia mjomba. Hajui Kiswidi, lakini namba alizielewa.

Akanijibu: "Mwambie mama asilitupe daftari hilo. Fundi atakayekuja baada ya huyu atalihitaji."